Jibu Pembeni ya Mstari

Pale mwalo wa Kibirizi, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, Zuhra binti Ramadhani alijulikana kwa majina mawili: Mama Nasma, na yule asiyekosea mwezi. La kwanza alipewa na bintiye. La pili alilipata kwa jasho lake, miaka ishirini na sita ya kununua dagaa wabichi alfajiri na kuwaanika juani, na hakuwa tayari kuligawana na mtu.

Kukosea mwezi pale si jambo dogo. Dagaa wa Tanganyika hufuata taa. Vipe, ile mitumbwi inayofungwa pamoja na kubeba wavu katikati, hutoka jua likizama, huwasha taa zake ziwani, na dagaa huja wenyewe kama walioalikwa karamuni. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni taa, na dagaa hawaoni sababu ya kwenda kwa mtu. Basi vipe hupandishwa mchangani, wavuvi hushona nyavu na kugombana na wake zao mpaka giza la kutosha lirudi. Usiku ule wa kwanza wa kurudi ndio wenyewe. Ziwa limepumzika, dagaa wamejazana, na mwanamke asiyekuwepo mwaloni asubuhi yake na beseni mkononi atakaa mwezi mzima akisimuliwa na wenzake.

Kwa hiyo ni lazima ujue ni asubuhi ipi. Wavuvi huamua kwa kutazama mbingu, na hawamtangazii mtu. Zuhra alikuwa akihesabu kichwani tangu mwezi uandame, na ukimuuliza vipe vitarudi lini alikujibu bila kuinua macho kwenye dagaa wake: "Usiku wa ishirini." Hakuwahi kuandika popote, na hakuwahi kufika mwaloni akakuta mchanga mtupu.

Kitu kimoja tu alikisifu zaidi ya hesabu yake, nacho kilikuwa bintiye.

Nasma alikuwa na miaka ishirini na minne. Alimaliza chuo Dodoma, akarudi nyumbani Kasingirima na kompyuta yenye ufa kwenye kioo, akaweka meza dirishani, na tangu hapo akawa mtu wa kugonga vitufe kutwa. Majirani waliuliza kwa upole wa kutafuta maneno: binti anafanya kazi gani hasa? Zuhra mwenyewe alichukua muda kuielewa. Watu wanaoandika programu, Nasma alimweleza, huandika mistari mingi mmoja chini ya mwingine, na kila mstari ni amri. Wakimaliza, huiambia kompyuta itekeleze yote, halafu hufungua dirisha jingine kuona kilichotokea. Kitu kikiharibika, hawajui ni mstari upi ulioharibu. Yeye alikuwa ametengeneza kitu kidogo cha kuchomekwa kwenye programu ya kuandikia, wenye fani wanakiita programu-jalizi, chenye kazi moja tu: ukiandika mstari, jibu la mstari huo linatokea palepale pembeni yake, kwa herufi za kijani. Alikipa jina Pembeni, akakiweka mtandaoni bure.

"Ndiyo hicho tu?" Zuhra aliuliza.

"Ndiyo hicho tu, mama."

Zuhra alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Kumbe ni kuonja kila kichanja."

Maana mwanika dagaa mjinga husubiri gunia lijae ndipo agundue kuwa chini kuna unyevu. Mwenye akili hupita kichanja kwa kichanja, anavunja dagaa mmoja, anausikiliza mlio wake, na anajua hapa pamekauka na hapa bado. Nasma alimtazama mama yake, akacheka mpaka akafuta macho.

"Unadhani nilikitoa wapi?" alisema. "Utoto wangu wote nimekufuata nyuma unavunja dagaa."

Tangu siku hiyo mdomo wa Zuhra haukukaa. Mtu alinunua kwake kibaba kimoja cha dagaa, akaondoka na habari za Pembeni. Mtu wa Mwanza anakitumia. Mtu wa Nairobi anakitumia. Kuna mtu wa nchi ya baridi huko, jina lake halitamkiki, naye anakitumia. Mwalimu Oswald, anayefundisha vijana kompyuta mjini karibu na stesheni, ameapa kuwa darasa lake jipya litaanza na Pembeni siku ya kwanza kabisa, Jumatatu. Waanika dagaa wenzake walisikiliza, wengine kwa furaha, wengine kwa sababu hawakuwa na pa kukimbilia.

Kosa lilianzia kwenye furaha hiyo. Kikundi chao kilikuwa na wanawake thelathini na mmoja, na wengi hawakai Kibirizi. Léoncie, Mama Ndizeye kwa wenzake, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakaweka makazi Mwandiga, alikuwa akija na wenzake kumi na mmoja wanaoacha mashamba ya mihogo kwa ajili ya asubuhi ile moja. Ndipo Zuhra akasema mbele ya watu: kwa nini tupigiane simu za kubahatisha, wakati mwanangu anaweza kutengeneza kalenda ya mwezi kwa kompyuta? Nasma alimuuliza vipe hurudi lini. Zuhra akamjibu kama anavyomjibu kila mtu, usiku wa ishirini, akaendelea kupeta mchele. Baada ya siku mbili karatasi ilitoka steshenari, ina rangi, ina picha ya mwezi kwenye kona. Ikabandikwa kwenye nguzo ya banda la mwaloni. Ilisema: dagaa wa kwanza, asubuhi ya Alhamisi.

Zuhra aliisoma mara mbili. Katika hesabu yake ya kichwani ilikuwa Jumatano.

Badala ya kulisema, alijiambia kwamba kompyuta haichoki, haizeeki, haisumbuliwi na magoti. Jumanne baada ya magharibi alitoka uani, akaona giza limetanda na mwezi haujachomoza, na moyo wake ukamwambia wazi: leo wanatoka. Bado akarudi ndani. Alitaka karatasi ile iwe ya kweli kiasi kwamba alikuwa tayari yeye awe mwongo.

Jumatano vipe vilirudi vimejaa mpaka maji yakaribia kuingia. Wafanyabiashara wenye malori, ambao hawajui kalenda ila wana vijana wa kulala mwaloni, walichukua karibu dagaa wote. Usiku wa kuamkia Alhamisi upepo ulichachamaa, na asubuhi dagaa waliokuja walikuwa wa mboga ya nyumbani tu.

Alhamisi hiyo ndiyo asubuhi ambayo Léoncie alishuka kwenye gari na wanawake wake kumi na mmoja, mabeseni yamepachikana vichwani, wakakuta mchanga umefagiliwa na vichanja vya watu wengine vinametameta. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaisoma karatasi kwa sauti mpaka mwisho, kisha akageuka.

"Yewe, Mama Nasma," alisema. "Karatasi nzuri. Ina rangi, ina na kamwezi kake. Shida yake moja, dagaa hawajui kusoma."

Mwalo mzima ulicheka. Zuhra angejibu, kwa kawaida Zuhra hashindwi na mtu kwa maneno, na kuna watu mpaka leo wanazunguka njia ya mbali wasipite mbele ya vichanja vyake. Siku ile alisimama na beseni lake tupu kama wenzake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita akatamani awe nyumbani.

"Nimewaamsha watu saa kumi," Léoncie aliendelea, sasa bila utani. "Tumeacha mihogo haijang'olewa. Mwambie huyo msomi wako, sisi si watu wa kujaribiwa."

Na huyo msomi alikuwa amesimama palepale. Alikuja asubuhi ile kumletea mama yake chai, na kwa kweli, kuona karatasi yake ikifanya kazi. Alisikia neno kwa neno. Alimpa mama yake chupa ya chai, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa mchana, baada ya swala, Zuhra alimkuta bintiye dirishani. Chakula alichomwachia, ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga, kilikuwa kimepoa bila kuguswa. Nasma hakuwa akigonga vitufe. Alikuwa anasoma kitu kimoja kwenye simu, mara ya ngapi sijui.

"Unasoma nini?"

"Ujumbe kwa mwalimu Oswald." Alimsomea bila kupandisha sauti. "Mwalimu, naomba Jumatatu usiwafundishe vijana Pembeni. Kina kasoro. Leo nakiondoa mtandaoni. Samahani kwa usumbufu."

Zuhra alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Kosa ni la kalenda. Pembeni kimeingiaje hapo?"

"Tarehe za kalenda nilizichukua kwenye majibu ya Pembeni. Mistari yenyewe nimeipitia mmoja mmoja, mara nne. Iko sawa. Kama mistari iko sawa na jibu si sawa, basi kinachoonyesha jibu ndicho kinachodanganya." Alizungusha kiti. Macho yalikuwa mekundu. "Mwezi uliopita mtu wa Mwanza aliniandikia. Alikuwa ameubadilisha mstari, lakini pembeni yake jibu likabaki la zamani, limeganda. Nilirekebisha, nikadhani nimemaliza. Sasa limerudi. Jibu la jana kando ya mstari wa leo, mama. Mtu analiona la kijani, zuri, analiamini. Bora asione kitu kabisa. Nimeyatimba."

Zuhra alimsikiliza na vitu viwili vikampanda kwa pamoja. Cha kwanza kilikuwa uchungu, kwa sababu alijua kitu ambacho Nasma hakijui, kile cha Jumanne uani. Cha pili kilikuwa fahari, na kilimshangaza kwa wakati aliochagua kuja. Mtoto amechekwa mwalo mzima, na hatafuti wa kumsingizia. Anatafuta palipooza ili apaondoe mwenyewe. Wangapi mjini hapa wangefanya hivyo? Angeweza kuwataja, na wasingejaza vidole vya mkono mmoja.

"Kabla hujatuma," alisema, "nionyeshe."

"Mama, hutaelewa."

"Sijasema nataka kuelewa. Nimesema nataka kuona. Wewe dagaa wangu unawala bila kuuliza nimewaanikaje."

Nasma alivuta kiti cha pili. Zuhra akavaa miwani yake iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, akasogea. Upande wa kushoto wa kioo mistari ilikuwa imejaa mabano na alama na maneno ya kigeni, imetatana kama wavu uliopita kwenye miamba, na Zuhra aliiacha kama ilivyo. Hakuwa na haja nayo. Upande wa kulia, pembeni ya kila mstari, palikuwa na herufi za kijani, na hizo zilikuwa Kiswahili kitupu.

Alianza juu kabisa, kidole kikigusa kioo, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya Nasma angepiga kelele.

"Mwezi umeandama, Alhamisi jioni," alisoma. "Kweli. Niliuona kwa macho yangu, mwembamba kama ukucha."

Kidole kikashuka. "Siku ya kwanza, Ijumaa. Sawa." Kikashuka tena. "Siku ya ishirini, Jumatano." Alihesabu kwa kugusisha kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vyake, kimyakimya, midomo ikicheza. "Jumatano. Sawa kabisa. Huyu hajadanganya mpaka hapa."

"Ndiyo maana sielewi," alisema Nasma.

Zuhra alishusha kidole kwenye mstari wa nne. Pembeni yake paliandikwa: vipe vinatoka, Jumatano jioni.

Kidole kiligota.

"Hapa," alisema. "Huyu hapa ndiye mwenye unyevu."

"Kivipi? Umeniambia vipe hurudi usiku wa ishirini. Siku ya ishirini ni Jumatano, nimechukua usiku wake."

"Hujachukua usiku wake. Umechukua wa ishirini na moja." Zuhra alivua miwani. "Nasma. Ramadhani ikiingia, tarawehe ya kwanza unasali lini? Ukishafunga siku ya kwanza, au kabla?"

"Kabla. Usiku ule mwezi ukionekana..."

Zuhra alimwona mawazo yakimpeleka mbali na kumrudisha. Binti aliyezaliwa Kasingirima, mjukuu wa watu wa Ujiji walioswali kwenye misikiti ile kabla reli haijafika, na tangu utotoni anajua kwamba siku huanza jua likizama, usiku unatangulia na mchana unafuata. Anajua kwa kufunga, anajua kwa Idi, anajua kwa hitima. Ila akikaa mbele ya kompyuta, hayo yote anayaacha mlangoni pamoja na kandambili.

"Usiku wa ishirini ulikuwa Jumanne," Nasma alisema polepole. "Jumanne jua lilipozama. Kompyuta yenyewe inaanza siku saa sita ya usiku."

"Saa sita ya usiku?" Zuhra alikereka kweli. "Katikati ya usingizi? Nani ameifundisha hivyo?"

Nasma alirudi kwenye mstari wa nne, akaongeza kitu kidogo mwishoni mwake, alama na namba moja, basi. Hakubonyeza kingine. Palepale, pembeni, maneno ya kijani yakabadilika: vipe vinatoka, Jumanne jioni. Na mstari wa chini yake, ambao hakuugusa kabisa, nao ukajigeuza wenyewe: dagaa mwaloni, Jumatano asubuhi.

Walitazama wote wawili. Nasma akafuta namba ile, majibu yakarudi Jumatano na Alhamisi. Akaiandika tena, yakawa Jumanne na Jumatano. Akafanya hivyo mara tatu, kama mtu anayewasha na kuzima taa ya nyumba mpya.

"Halijaganda," alisema. "Mama, halijaganda hata kidogo! Kilikuwa kinasema kweli muda wote. Kiliniandikia kosa langu pembeni, kwa Kiswahili, na mimi siku mbili nalitazama silioni."

"Ulikuwa unatazama kushoto," alisema Zuhra.

Nasma alichukua simu, akaufuta ujumbe wa Oswald herufi baada ya herufi, ingawa angeweza kuufuta wote kwa mara moja. Kisha akavuta sahani ya mgebuka na kula kwa mikono yote miwili. Zuhra alikaa akimtazama anavyokula, na kifua kikamjaa. Kitu hiki amekitengeneza mtoto wake, na ni cha kweli namna hii: mwanamke aliyeishia darasa la nne, asiyejua hata mabano ni ya nini, amekaa mbele yake dakika kumi na kukuta kosa lililowashinda wasomi. Angekuwa na njia angetoka saa ile ile kwenda kulitangaza sokoni.

Lakini kulikuwa na jambo la mwaloni.

Kikundi kilikuwa kikutane Jumapili saa nne, waumini wa ibada ya kwanza wakishatoka kanisani, na ajenda ilikuwa moja: karatasi ibaki au ing'olewe. Nasma alisema atakwenda mwenyewe kueleza. "Nitawaambia nilikosea. Ndiyo kweli."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli nyepesi. Zuhra aliizungusha kichwani Jumamosi nzima huku akigeuza dagaa. Msichana alikosea kidogo, mama yake akamrekebisha: nani angelalamika? Jina la Zuhra lingetoka linang'aa kuliko lilivyoingia. Angekuwa yule asiyekosea mwezi, na sasa hasumbuliwi hata na kompyuta. Kila alipofika hapo, alikumbuka uani Jumanne, giza limetanda, na miguu yake ikirudi ndani.

Jumapili walikaa kwenye mchanga pembeni ya vichanja, khanga na vitenge, wengine bado na Biblia mapajani. Nasma alisimama nyuma karibu na nguzo. Kabla hajafungua mdomo, Zuhra alinyanyuka.

"Karatasi ilikosea usiku mmoja," alisema. "Namba iliyotumika niliitoa mimi. Mtoto aliniuliza vipe vinarudi lini, nikamtupia jibu kama ninavyomtupia kila mtu, huku napeta mchele. Sikumwambia usiku wenyewe naanza kuuhesabia wapi. Kompyuta inahesabu kivyake, mimi nahesabu kivyangu, na mwenye wajibu wa kusema alikuwa mimi, kwa sababu kompyuta haijawahi kuanika dagaa."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Zuhra hakucheka.

"Hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi. Karatasi ilipobandikwa, mimi nilijua ni Jumatano. Jumanne jioni nilitazama mbingu nikajua. Nikanyamaza. Nilitaka mwanangu awe amepatia." Alimgeukia Léoncie. "Mnasema sikosei mwezi. Nimekosea, na nimewakosesha na nyinyi. Mama Ndizeye, wewe na wenzako mlioacha mihogo, nisameheni. Nasma hana deni kwa mtu hapa."

Nyuma yao boti ya kwenda Burundi ilikuwa inapakia, na mpakiaji alikuwa anahesabu magunia kwa sauti kubwa mno. Zuhra hakugeuka kumtazama bintiye. Alijua kwamba akigeuka atalia, na hakuwa amekuja kwa ajili hiyo.

Léoncie ndiye aliyesema kwanza. Alikuna shingo.

"Sasa ngoja. Mimi kwetu usiku wa Jumatano ni Jumatano giza likishaingia. Ego, naam, ndivyo tulivyolelewa. Hata ningepewa hesabu ya Mama Nasma mwenyewe, usiku wa ishirini, usiku wa ishirini, ningekuja hiyohiyo Alhamisi na beseni langu." Aliwatazama wenzake wa Mwandiga, nao wakaitikia kwa vichwa. "Habari za usiku mtagombana mpaka kiama. Karatasi iandike asubuhi, kama ilivyo, ila asubuhi ya kweli. Jua likitoka, limetoka kwa wote. Niambie tu asubuhi ya kuja na beseni, hayo mengine ya kwenu."

Nasma alikuwa tayari ameitoa kalamu. Karatasi ilibaki. Wakati wanatawanyika, Léoncie alimpita Zuhra akampiga bega kwa beseni, si kwa nguvu sana.

"Miaka yote hiyo," alisema, "nilikuwa naomba Mungu ukosee siku moja. Sasa umekosea, na wala sijafurahi. Umeniharibia."

Jumatatu Nasma alimtaka mama yake aende naye mjini. Zuhra alisema ana dagaa wa kugeuza. Kisha akavaa gauni la Idi na kujipaka wanja. Chumba cha mwalimu Oswald kilikuwa karibu na stesheni, kina feni moja na vijana ishirini na mmoja, wavulana kwa wasichana, wawili wawili kwenye kompyuta. Oswald, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakwaruza, aliinamisha kichwa: "Shikamoo mama. Karibu, hiki ndicho kiti chako." Kilikuwa cha mbele.

Nasma aliwasha projekta. Ukutani ikatokea kalenda ya mwezi, ile ya kwanza, yenye kosa. Alikuwa amelirudisha makusudi.

"Kuna mstari mmoja hapa umewakosesha watu dagaa," aliwaambia. "Msiutafute kwenye msimbo. Someni pembeni, mstari kwa mstari, na kila mmoja ajiulize: hili ni kweli au si kweli?"

Walisoma. Walinong'ona, wakabishana, mmoja akasema ni mstari wa pili, mwingine akasema kompyuta mbovu. Zuhra alikaa mikono mapajani akijizuia kuwatajia. Zilipita dakika ishirini na tano ndipo msichana wa nyuma aliponyoosha mkono na kusema kwa wasiwasi: mwalimu, kwetu Ujiji, usiku hautangulii mchana? Oswald alipiga makofi. Zuhra alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na tano, na wanasoma vitabu.

"Kosa hili aliligundua mtu kwa dakika kumi," alisema Nasma, "na hajawahi kuandika hata mstari mmoja." Alishusha ukurasa mpaka chini kabisa, mahali ambapo wenye fani huandika nani amerekebisha nini. Paliandikwa: Kosa la usiku wa ishirini limegunduliwa na mama yangu. Kila atakayelichukua faili hili kutoka mtandaoni, aliwaeleza, wa Mwanza, wa Nairobi, wa nchi ya baridi, ataliona neno hilo.

Darasa likageuka kumtazama yeye. Zuhra alisogeza miwani, akausoma ule mstari taratibu, na akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Futa hapo."

Nasma alishtuka. "Nifute, mama?"

"Mama wapo wengi. Mtu wa nchi ya baridi atajuaje ni yupi? Andika jina."

Vijana walicheka, na Oswald akacheka nao. Nasma hakucheka. Aliinama kwenye kompyuta, akafuta maneno mawili ya mwisho, akaandika upya. Na ukutani, mbele ya watoto wa watu ishirini na mmoja, Zuhra akajisoma herufi kwa herufi: Zuhra binti Ramadhani, mwanika dagaa, Kibirizi.